Chumba cha Watoto cha Soko la Itumba

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, nina jambo limenishinda kuamua.

Katika soko la Itumba walikuwako wanawake watatu. Mwajabu, muuza mitumba, alijaliwa ulimi: akisema, hata mwenye haraka husimama. Nyamizi, muuza nyanya, alijaliwa watu: akiita, soko zima huitika. Sikitu, muuza mchele, alikuwa mtu wa kimya chake. Mwanawe Shija alitambaa chini ya meza kama watoto wote wa pale, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuwaweka.

Siku moja, Sikitu akimpimia mteja mchele, Shija alitambaa hadi kwenye karai la muuza maandazi. Mafuta yakamuunguza mkono.

Nyamizi alipita meza kwa meza, wanawake wakakubaliana kwenda kuwaomba madiwani watunge sheria ndogo: kila soko liwe na chumba cha watoto, na walezi walioajiriwa na halmashauri. Siku ya kikao walifunga biashara. Nyanya zikaharibika juani, ukumbi ukajaa hadi mlangoni. Sikitu hakutaka kwenda.

"Njoo tu, mdogo wangu," Nyamizi alimbembeleza. "Hakuna atakayekutaja."

Mwajabu alikuwapo. Aliitikia kwa kichwa.

Kikaoni Mwajabu alisema vizuri, lakini madiwani walipiga miayo. Mmoja akauliza, "Kwani hao watoto wamepatwa na nini hasa?"

Mwajabu akaona jambo linamponyoka. Akanyoosha kidole. "Muulizeni Sikitu, yule pale! Mwanawe ameungua!"

Vichwa vyote viligeuka. Diwani akasema, "Mama, wewe ulikuwa wapi?"

Sikitu akasimama, Shija mgongoni. "Nilikuwa papo hapo, mheshimiwa, natafuta chakula chake. Ulitaka nimfunge kamba kama mbuzi?" Akaufunua ule mkono mdogo, wote wakauona. Kisha akaketi, akajifunika uso kwa kanga.

Hakuna aliyepiga miayo tena. Sheria ikapita.

Chumba kikajengwa, watoto wakapata pa kulala na kucheza. Lakini tangu siku ile Mwajabu huzunguka nyuma ya vibanda asikutane na Sikitu. Akisikia wateja wakinong'ona, "Ndiye yule aliyemwacha mtoto akaungua," uso humwaka kwa aibu, kana kwamba wanamsema yeye. Hatimaye alimfuata, macho chini.

"Nisamehe, mwenzangu. Nilikuuza mbele za watu."

Sikitu aliendelea kupima mchele. "Shija sasa analala salama. Nikushukuru au nikulaumu? Sijui, Mwajabu. Niache kwanza."

Sasa halmashauri inataka chumba kiitwe kwa jina la mmoja wa wanawake hawa watatu. Mwajabu anasema lake lisiandikwe, hawezi kulipita kila asubuhi. Nyamizi anasema ahadi iliyovunjwa aliitoa yeye. Sikitu anasema likiwekwa lake, kila asomaye atauliza habari za mkono wa mwanawe.

Bila Nyamizi, ukumbi ungekuwa mtupu. Bila Mwajabu, Sikitu asingesimama. Bila Sikitu, madiwani wangekwenda zao kula.

Fundi wa rangi yuko juu ya ngazi, brashi mkononi, anasubiri. Haya, ninyi mngemwambia aandike jina la nani?