Jina la Mtoto wa Minza

Haya, anayetafuna ameze kwanza. Mwishoni nitauliza swali, na sitaki majibu ya mdomo uliojaa.

Walikuwapo wanawake watatu, wote hawakujaliwa mtoto, waliotumwa na kanisa lao la milimani kupeleka Injili kwenye mji wa wachoma chokaa. Persisi alijua kuoka mikate, Damari kushona, Yunike kutengeneza baiskeli; kila mmoja akafungua duka lake. Kabla yao walifika wahubiri waliofungua duka la sabuni. Ukiomba sabuni unapewa mahubiri, maana maboksi yalikuwa matupu! Mji mzima ulicheka. Basi hawa watatu wakawekeana sharti: anayekuja kununua mkate auziwe mkate, na habari za Mungu zingoje mpaka aulize mwenyewe.

Walingoja sana. Jioni waliimba watatu tu, wakitamani sauti ya nne.

Minza, mke wa mchoma chokaa, hakuwaamini hata kidogo. Siku moja alimkuta Persisi amenuna mbele ya tanuri.

"Leo usinunue kwangu, dada. Mkate haukuumuka. Nenda pale kwa Ngasa, wake ni mzuri."

Minza akaduwaa. Mfanyabiashara anamsifu mshindani wake? Tangu siku ile aliwaamini.

Ndipo akathubutu kwenda kwa Damari kupanua gauni, maana tumbo lilianza kuonekana.

"Na nguo za mtoto je?" Damari aliuliza.

"Usishone, dada. Nimezika wawili, na nguo zao bado ninazo."

Damari aliweka mkasi chini, akalia naye. Kisha akakata kitambaa cha njano, akakitundika ukutani bila kukishona. "Kitamngoja hapa," alisema. Minza akawa anapita kukitazama, na mwisho akauliza, "Huyo mnayemwimbia, ananijua mimi?" Damari alimweleza mpaka chai ikapoa.

Uchungu ulimshika kabla ya wakati, mumewe yuko kazini. Yunike alifunga mkokoteni wake wa vyuma nyuma ya baiskeli, akatandika godoro, akakanyaga kilima chote hadi zahanati.

"Mwite huyo wenu!" Minza alipiga kelele njiani.

Yunike, pumzi zimemwishia, aliweza kusema tu, "Bwana, tusaidie." Mkunga alisema wangechelewa kidogo, angewapoteza wote wawili.

Akazaliwa msichana. Minza akaomba ubatizo, wake na wa mwanawe.

Sasa sikilizeni. Kwa akina Minza mtoto hupewa jina moja tu, la mtu aliye hai, na mwenye jina hilo huwa mama yake wa pili. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba apewe yote matatu! Tena kanisa lilikuwa limeshawaita wale wanawake kwenda mji mwingine, na maduka wanawaachia wenyeji. Kila mmoja alitamani, mpaka akaona haya, kwamba pale nyuma ibaki nyumba moja ambamo jina lake litaitwa jioni, chakula kikiiva.

Jumapili ikafika. Mtoto amevaa gauni la njano. Mchungaji akachota maji kwa kiganja.

"Mtoto huyu anaitwa nani?"

Minza aliwatazama wale watatu. Wote walikuwa wameinamisha macho.

Maji yanamvuja mchungaji kiganjani. Je, wewe ungetaja jina la nani?