Tiketi Moja ya Meli

Zamani pale Tanga walikuwako watu watatu wasiopendana, na bado wakatengeneza sinema iliyochekesha mji mzima. Shekue alijua kutunga kisa na kushika kamera. Bi Riziki, kungwi, alijua kila wimbo na kila desturi ya harusi. Mwanahamisi alikuwa na uso ambao ukinuna tu, watu wanacheka.

Sinema ilimhusu bibi harusi anayechaguliwa mume na wazee, kisha anatoroka kwa skuta na fundi redio ampendaye.

Shekue alikitoa kisa nyumbani kwao. Mchumba aliyechaguliwa na wazee, mzee mwenye kanzu inayonuka dawa ya nondo, alimwiga ami yake aliyemlea. Ami akajitambua, akamtupia godoro nje. "Nenda ukalale kwenye sinema yako!"

Bi Riziki ndiye aliyeifungulia kamera mlango wa ngoma za wanawake. Bila yeye harusi ile ingekuwa ya uongo, na nani angecheka? Makungwi wenzake wakamtenga. Mjukuu wake alipoolewa, hakuitwa.

Na Mwanahamisi? Alimkumbatia mwanamume asiye wake juu ya skuta, mji mzima ukitazama. Waliocheka ukumbini mpaka machozi yakawatoka ndio waliomzomea sokoni. Mchumba wake wa kweli akavunja posa. Baba yake akaacha kuitikia salamu zake.

Ndipo ukaja mwaliko kutoka ng'ambo: sinema ionyeshwe huko, na mmoja wao aende nayo. Bwana Dhanji, mwenye ukumbi, akawaita, akaweka tiketi ya meli mezani.

"Kisa ni changu," alisema Shekue. "Nyinyi niliwaokota."

"Mwizi wa siri za watu, umwokote nani?" Bi Riziki akamjia juu. "Na wewe mwali, nimekufundisha hata kukaa. Usinitolee macho!"

Mwanahamisi akamgeukia. "Shikamoo yangu umeshaipata, bibi. Tiketi huipati. Mlijificha nyuma ya kamera nyinyi. Uso uliotemewa mate ni huu!"

"Nani aliyeupiga picha?" Shekue akafoka.

"Ningejua, ningeivunja hiyo kamera," alijibu Mwanahamisi, na alimaanisha.

Bandarini meli ikapiga honi. Bwana Dhanji akawatazama mmoja mmoja, akashindwa kutaja jina.

Haya, mnaonisikiliza, kaeni kwenye kiti cha Dhanji. Tiketi mngempa nani? Na wale wawili watakaobaki Tanga, mngewaambia nini usoni?