Firigisi ya Shigela

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, ambayo kuku walioiona wengine bado wanataga, palikuwa na mshenga aitwaye Shigela. Msiniambie mmewahi kuona washenga. Mliowaona nyinyi ni wapeleka salamu. Shigela angeweza kumposea fisi binti wa mbuzi, na baba mbuzi mwenyewe akaomba harusi iwahishwe.

Aliishi katika nchi ya mashamba ya mpunga, na watu wa huko wana desturi yao. Siku ya kupatana mahari, mshenga huketi mkekani mbele ya wakwe, wala hanyanyuki mpaka neno liishe. Akinyanyuka, amekataa. Hakuna cha samahani, hakuna cha natoka hapo nje mara moja. Mguu ukigusa vumbi, posa imevunjika.

Sasa, maji yale ya mpunga yana kichocho. Shigela alilima humo tangu utotoni. Kichocho kikamwingia, kikakaa, kikamla kibofu polepole mpaka kikasinyaa na kukakamaa, kikawa hakishiki hata glasi moja ya chai. Posa ya kwanza ikavunjika wakiwa kwenye ng'ombe wa tatu. Ya pili ikavunjika kwenye salamu. Ya tatu alijikaza, neno likaisha, lakini mkeka wa watu ukalowa, na tangu siku hiyo akaitwa mshenga mleta mvua. Watu wakaacha kumtuma. Mtu ambaye mdomo wake ulijaza nchi watoto akawa anashinda nyuma ya nyumba kama askari wa kulinda choo.

Mkewe, Nkwimba, hakumcheka. Alifua. Alifua shuka asubuhi, akazianika ndani ya migomba jirani wasione, akafua tena jioni. Na ndiye aliyesikia kwamba hospitali ya mjini yupo Daktari Kokugonza, mwanamke anayeotesha viungo vya watu kama wengine wanavyootesha miche.

Wakaenda. Daktari akaeleza, na Shigela, kwa kuwa ni mkulima, akaelewa vizuri kuliko wenye tai. Daktari hukata kipande cha kibofu kibovu, kidogo kama punje ya mchele, akachagua humo chembe zilizo nzima. Huzipanda juu ya umbo lililofinyangwa kama kifuko, akaliweka kwenye kabati lenye joto la mwili, akazinywesha lishe. Chembe huzaana, hutambaa, hufunika umbo zima. Umbo huyeyuka taratibu, kibofu kikabaki. Na kwa sababu mbegu ni ya mwenyewe, mwili haukifukuzi. Hukipokea kama mtoto aliyerudi kutoka shule ya bweni.

Shigela akauliza kama kuna aliyekwisha kuwekewa. Daktari hakuwa mwongo. Akamwonyesha mama mmoja pale kwenye benchi, Bi Milembe. Huyo ndiye aliyekubali kuwa wa kwanza, wakati hata daktari hakujua litakalotokea. Kibofu chake kilimea vizuri kabatini, lakini kilipowekwa tumboni kilikosa damu, kikanyauka kama mche wa kiangazi. Ikabidi kitolewe. Sasa anatembea na mfuko wa mpira ubavuni, chini ya kanga, na atatembea nao maisha. Kwa mwili wake daktari alijifunza kwamba kibofu kipya lazima kivikwe utando wa mafuta ya tumbo wenye mishipa, ndipo damu ikifikie.

Kusikia hivyo, Shigela akatafuta kofia yake. Alikwisha kufika mlangoni Nkwimba alipomkamata shati.

"Baba Kabula, rudi ulale kwenye kitanda hicho. Kikipasuka, nitafua. Si nimezoea?"

Akarudi. Kibofu kikaoteshwa, kikavikwa, kikashonwa, kikashika.

Alipopona akatumwa posa, na posa hiyo inasimuliwa mpaka ng'ambo ya mto. Aliketi tangu umande mpaka ng'ombe wakarudi zizini. Akanywa chai, akanywa togwa, akaomba na uji. Wakwe ndio waliokuwa wakitoka nje mmojammoja, wakirudi wanapunguza mahari.

Ndipo akachinja jogoo kushukuru. Akaalika ndugu, akamwalika daktari, akamwalika na Bi Milembe. Huko kwao firigisi ni ya mwenye nyumba. Haikatwi, haigawanywi, na akiamua kumpa mtu, amempa heshima isiyo na mwenzake. Shigela akaiinua mbele ya wote.

"Leo firigisi hii siili. Ni ya mtu aliyenirudisha mkekani. Bila yeye ningekuwa nalinda choo mpaka sasa."

Watu wakapiga vigelegele. Moyoni alimkusudia daktari, mgeni wake, akamsogezea sahani. Maskini, mshenga mzima alisahau kwamba kabla ya kutangaza zawadi unahesabu kwanza wanaoidai.

Daktari akanawa, hakujivunga. "Nashukuru, Mzee Shigela. Kibofu chako nimekitazama kikikua kuliko nilivyowatazama wanangu. Ulikuja na punje, ukaondoka na kiungo. Nitaila bila aibu."

Nkwimba akatua bakuli la mchuzi, si kwa upole.

"Daktari, mwanangu, kila nikisali nakutaja. Lakini kabati lako lingeotesha nini huyu angeshika njia? Shati nilishika mimi. Na kabla yako, nani alimfanya aendelee kuwa mtu? Waulize majirani hawa kama kuna aliyewahi kuona shuka."

Shemeji yake akanong'ona kwamba tangu lini wanawake wakala firigisi. Nkwimba akamwomba amtaje mwanamume yeyote pale ndani aliyeotesha kibofu, au hata aliyefua. Shemeji akarudia ugali wake.

Bi Milembe alikuwa karibu na mlango, anakula. Mtu akamtania, na wewe mama, huna dai? Akafuta vidole kwa utulivu.

"Mimi sikuotesha, wala sikufua. Nilitangulia njiani, nikaanguka. Baba huyu alipita pale nilipolala, na namshukuru Mungu kwamba alipita. Ila nimeona mnatajana, nikasema niseme na mimi nipo."

Shigela akatazama sahani. Neno lilikwisha kutoka mbele ya mashahidi, na mshenga hamezi neno lake. Akimpa daktari, atalala vipi kwenye shuka zile? Akimpa mkewe, watasema amerudisha heshima chumbani kwake, na aliyemwoteshea kibofu ataondoka na mguu wa kuku kama wapita njia. Akimpa Bi Milembe, amemshukuru kwa kitu ambacho yeye mwenyewe hakukipata. Asipompa, ni nani tena atakubali kuwa wa kwanza?

Akakohoa, akasema anatoka nje mara moja. Wakamcheka wote, maana kila mtu alijua kile kibofu sasa kinashika kiasi gani.

Akaketi tena. Mpaka leo ameketi, anawashukuru wote watatu kwa zamu, na firigisi ni moja. Haya, nyinyi mnaojua kila kitu, msaidieni kabla mchuzi haujaganda. Je, nani alistahili?