Bibi Nguchiro Atafuta Bima ya Kuvukia Mto

— Nifungue kinywa?
— Kifungue!
— Nikikifungua, mtakaa?
— Tutakaa!
— Na anayetaka kusinzia?
— Akasinzie kwao!

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma acha kutafuna, ngano hii ina kelele zake za kutosha.

Palikuwa na mto. Upande wa huku, nchi kavu, mawe na vichuguu. Upande wa kule, Ng'ambo, majani mabichi na konokono wanono. Mto wenyewe si mpana. Ukipiga chafya huku, kule wanakuombea afya.

Upande wa huku aliishi Bibi Nguchiro. Mwili mdogo, mkia mrefu, ulimi mrefu kuliko mkia. Binti yake, Mashavu, aliolewa Ng'ambo. Asubuhi moja ndege shorewanda akaja na habari mdomoni: "Bibi, Mashavu ni mjamzito, tumbo limeshuka! Anataka uje umlee mpaka watoto wafungue macho na kukimbia wenyewe!"

Bibi Nguchiro akaruka juu. "Naenda! Naenda sasa hivi! Nani atamshika mwanangu mgongo? Mkwe? Mkwe akiona damu ya mbu anazimia!"

Akashuka mtoni. Akavuka juu ya mawe, tipu, tipu, tipu. Kule mwisho kuna lango la miiba, na langoni amesimama Afisa Korongo, mguu mmoja chini, mguu mmoja juu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nifungulie."

"Unakaa muda gani?"

"Msimu mzima! Nalea uzazi."

Korongo akashusha mguu wa juu, akapandisha wa chini. "Anayeingia na kutoka na jua anapita bure. Anayekaa msimu anataka viza ya kukaa. Na viza ya kukaa haitoki bila bima."

"Bima ndiyo mdudu gani?"

Korongo akanyoosha shingo, akaimba. Huu wimbo mniitikie, si kunikodolea macho:

*Ukiugua Ng'ambo, nani atakuuguza?*
*Nani? Nani?*
*Aanze siku ya kwanza, asiache ya mwisho!*
*Nani? Nani?*
*Asichague ugonjwa, asikwambie ongeza!*
*Nani? Nani?*
*Na ukifa, akubebe, akurudishe kwenu!*
*Kama hayupo, rudi!*

"Nimeelewa," akasema Bibi Nguchiro. "Anapatikana wapi huyo?"

"Mwenye nguvu yeyote, mradi nimsikie kwa masikio yangu. Wengi hununua kwa Bwana Mamba, pale upande wa kwenu. Mimi sipendelei wala sichukii. Nasikiliza tu."

Bibi akarudi. Tipu, tipu, tipu.

Bwana Mamba alikuwa amelala kivukoni, tumbo kwenye tope, mdomo wazi. Mbele yake foleni: ngedere, kobe, kanga na vifaranga, nungunungu ambaye hakuna aliyetaka kusimama nyuma yake. Kila mmoja ameshika kitu. Anayelipa anapakwa tope kwenye paji la uso, pata! Huo ndio muhuri. Akishapakwa, huyo anavuka.

Ngedere alikuwa wa kwanza. Akatoa sega zima la asali. Pata! Akavuka mbio. Mara akarudi mbio zaidi, tope likimtiririka puani.

"Bwana Mamba! Afisa amenikatalia! Anasema bima yako inabagua! Ameniuliza nikiumwa tumbo itakuwaje, kumbe tumbo halimo!"

"Nilikwambia halimo."

"Hukuniambia!"

"Nilikwambia kimoyomoyo."

"Basi nirudishie asali yangu!"

Mamba akajilamba kuanzia kona hii ya mdomo mpaka kona ile, na mdomo wa mamba una safari. "Asali ipi?"

Mimi hapo ningeshika jiwe. Nasema ukweli. Lakini ngano si yangu, ni ya Bibi Nguchiro, naye akamsogelea Mamba taratibu.

"Mwanangu, bima hii uliyomuuzia ngedere inauguza nini?"

"Kila kitu, bibi! Isipokuwa ugonjwa uliokuja nao."

"Sawa."

"Na ugonjwa utakaoukuta huko."

"Ee?"

"Na kilichokupata majini. Na kilichokupata nchi kavu."

"Sasa kimebaki nini?"

"Hewani, bibi. Ukiugua hewani, mimi ni wako."

"Nina mabawa mimi?"

"Ndiyo maana nakuuzia bei rahisi."

Foleni nzima ikaguna, mmh. Bibi akauliza, "Na ile ambayo Korongo anaikubali?"

Mamba akashusha sauti kama anabembeleza mtoto. "Hiyo ipo. Inauguza yote, tangu siku ya kwanza, na kukubeba nakubeba. Lakini wewe umri umekwenda, bibi. Mzee ni homa leo, kiuno kesho. Kwako wewe, nataka kichuguu chako. Chote."

Bibi Nguchiro akageuka kukitazama. Kichuguu kile ndimo walimolala wajukuu zake wa huku. Kumbikumbi wa kichuguu kile ndio walikuwa asubuhi yao na jioni yao. Akikitoa, wa huku watalala njaa juani. Asipokitoa, Mashavu atazaa peke yake na mkwe anazimia pembeni.

"Nakuja," akasema. Akavuka tena. Tipu, tipu, tipu.

"Afisa, huku kwenu mnataniana?"

Korongo akachangamka mpaka akasahau kusimama na mguu mmoja. "Bibi, kupita kiasi! Sisi korongo na vyura ni watani, maana zamani tuliwala sana. Sasa chura akiugua, uji napika mimi. Chura akifa, mbebaji mimi. Na msibani namkejeli marehemu mpaka wafiwa wanacheka!"

"Mtani anachagua ugonjwa?"

"Achague? Aibu hiyo ataipeleka wapi?"

"Anadai malipo?"

"Mtani? Adai?"

"Utani unaanza siku gani?"

"Unazaliwa nao."

Bibi akamwangalia kwa jicho moja. "Basi mtani ni bima."

Korongo akafikiri. Mguu ukapanda, mguu ukashuka. "Ni bima na ziada. Lakini lazima nisikie mwenyewe. Mmoja arushe neno, mwenzake arudishe, na damu isimwagike. Akinyamaza, si mtani. Akikuuma, si mtani."

"Nguchiro tumekula mayai ya mamba tangu mto uanze kutiririka. Mamba nao wametula sisi."

"Ooh! Maadui wa jana! Hao ndio watani hasa! Yeye anajua?"

"Atajua leo."

Mmeona mtego wenyewe? Mamba akinyamaza, bibi hana bima. Mamba akikasirika akameza, bibi hana kichwa. Lazima Mamba arudishe neno, tena kwa mdomo ule ule wenye meno!

Bibi akarudi. Akasimama juu ya jiwe, karibu na pua ya Mamba. Akashika kiuno.

"We Mamba! Hiyo ni ngozi, au gome la mti lililokataliwa na mchwa?"

Foleni ikafanya kwi!

"Bibi," akasema Mamba, "niko kazini."

"Kazini! Jitu zima linalala mdomo wazi, ndege wanalichokonoa meno! Kwenu hakuna aliyewahi kuona mswaki?"

Foleni ikafanya kwi kwi! Mkia wa Mamba ukaanza kupiga tope, pwa, pwa. "Anayefuata," akasema, na sauti ilikuwa inatetemeka.

"Nani afuate? Ngoja nikueleze habari ya ukoo wako. Mimi ndiye niliyekula shangazi zako wakiwa mayai. Kiota kizima! Walikuwa watamu, Mungu awarehemu. Yai moja tu nililinusa, likanuka, nikalitema. Kumbe lilikuwa wewe!"

Foleni ikaanguka. Kobe alipinduka akabaki miguu juu. Nungunungu alicheka miiba ikachomoka.

Na Mamba? KHAAA! Alichomoka topeni mdomo wazi, koo jekundu kama tanuri. Bibi Nguchiro akayaona meno yote, ya juu na ya chini. Akainusa asali ya ngedere. Lakini nyayo hakuzitoa pale jiweni. Akikimbia, amekwisha. Akilia, amekwisha. Akafumba jicho moja, lingine akaliacha wazi.

Ndipo ngedere alipopayuka: "Eh! Kumbe bima yenyewe inakula wateja!"

Foleni ikarudi nyuma. Kanga akakusanya vifaranga. Aliyeshika samaki akamficha mgongoni. Mamba akaona samaki anaondoka, mayai yanaondoka, asali inaondoka. Pap! Akafunga mdomo.

Lakini hasira ilikuwa imeshafika kooni. Kung'ata hawezi, kumeza hawezi. Itatokea wapi?

"Na wewe je?" akanguruma. "Kadudu wewe! Umbo kama kohozi la kiboko!"

"Ongeza, baba!" akapiga kelele bibi.

"Bibi yako nilimmeza mzima! Nikakaa msimu wote nikidhani nina kwikwi!"

Foleni ikapasuka. Kwaa, kwa, kwa, kwa! Mamba akashtuka. Tangu azaliwe, viumbe walikuwa wakimkimbia na kumlilia. Hakuna aliyewahi kumcheka akafurahi. Akaonja kile kicheko, na mnajua tabia yake. Akitiwa kidogo anataka chote.

"Na babu yako!" akasema, sasa anatabasamu. "Babu yako nilimtumia kutoa nyama kwenye jino! Akatoka akanishukuru, akisema kwangu kuna nafasi kuliko kwake!"

"Kwaa, kwa, kwa!"

"NIMESIKIA!" Sauti kutoka Ng'ambo. Afisa Korongo alikuwa amesimama kwa miguu yote miwili. "Nimesikia kwa masikio yangu! Bibi amerusha, Bwana Mamba amerudisha, damu haikumwagika! Hawa ni watani! Bwana Mamba, kuanzia leo bibi akiugua unamuuguza, akifa unambeba, na hudai kitu! Bima imetimia! Fungueni lango!"

Tabasamu la Mamba likakatika. "Mtani? Nani mtani? Simjui huyu!"

"Humjui?" akauliza Korongo. "Basi wewe ni mtoa bima unayemtukana bibi wa watu mbele ya wateja. Wa namna hiyo, muhuri wake haupiti langoni kwangu tena. Chagua."

Mamba akatazama foleni. Foleni ikamtazama Mamba.

"Ni... mtani wangu."

"Sisikii."

"NI MTANI WANGU!"

Bibi Nguchiro hakungoja neno lingine. Tipu tipu tipu tipu! Lango likafunguka, krii, akapita mkia juu. Nyuma yake foleni nzima ikamgeukia Mamba. "We Mamba, pua kama kisiki!" "We Mamba, tembea tuone, kama umemeza jembe!" Mamba akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akazama, blubu, blubu. Ngedere alitukana mpaka sauti ikamkauka. Wapi! Hakurudishiwa hata neno.

Jua halijazama, Mashavu akajifungua, na mgongo wake ulikuwa mikononi mwa mama yake. Mkwe alizimia, kama ilivyotarajiwa.

Msimu ulipofika katikati, Bibi Nguchiro akashikwa na homa. Meno kata kata kata. Korongo akampigia Mamba yowe. Na Mamba akaja! Akapanda ukingo, hema, hema, hema, sufuria ya uji mgongoni, unamwagika kushoto na kulia. Vitoto vya nguchiro vikamrukia, vikamfanya ngazi. Akajipenyeza mpaka mlangoni, akaweka uji chini, akakohoa.

"Mtani," akasema polepole, "njiani kote nimekuwa nikitunga."

"Sema," akasema bibi kutoka ndani ya blanketi.

"Umelala hapo kama soksi iliyopotezwa na tembo."

Bibi Nguchiro akacheka mpaka jasho likamtoka, na jasho lilipotoka, homa nayo ikatoka. Mamba akaketi hapo hapo, akangoja zamu yake ya kutukanwa.

Sasa funzo, na mlisikilize vizuri kwa sababu sirudii. Watoto, msimjibu mkubwa, na kumtukana ndiyo kabisa! Bima nunueni ile ya ghali kuliko zote, msiulize inauguza nini, maana anayeiuza ni mtu mzima, ana meno mengi, anajua anachofanya. Ukiombwa kichuguu, toa kichuguu. Ndivyo alivyofanya Bibi Nguchiro, na ndiyo maana alifika salama. Nani anacheka? Kama hukuelewa, usicheke.

— Ngano imevuka?
— Imevuka!
— Imelowa?
— Haikulowa!
— Basi ianikwe na nani?
— Na mwenye nyingine!