Watoto wa Bi Tanuri Waliokwenda kwa Shangazi

Sogeeni, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao. Zamani, bahari ilipokuwa baridi toka juu hadi chini, milima yote ya moto, hii mnayofundishwa shuleni kuiita volkano, ilikaa nchi kavu. Wote walikuwa watoto wa mama mmoja, Bi Tanuri, mlima mkubwa aliyewapenda wanawe kupita kiasi. Walikuwa watundu. Leo huyu anakohoa majivu juu ya mtama wa watu, kesho yule anatema moto mpaka kijiji kizima kinahama na vyungu kichwani, naye mama yao anasema ni utoto tu, watakua.

Bi Tanuri alikuwa na wifi yake, Bahari, dada wa mumewe. Mume mwenyewe ni nani msiniulize, nami sikuambiwa. Bahari alizaa sana, lakini huko kilindini hakukuwa na jua wala meko, na watoto wake walikuwa wakifa kwa baridi kabla hawajapewa majina. Basi akafanya kama jirani yeyote ambaye moto wake umezimika: akachukua kigae, akaenda kwa wifi yake kuomba kaa la moto. Akapewa. Alipoingia nalo majini, likazimika. Akarudi, akapewa jingine, nalo likazimika. Siku ya tatu alikuja bila kigae, akaketi mlangoni.

"Wifi, sitaki tena kaa," alisema. "Nipe mtoto nimlee."

Shangazi akiomba kumlea mtoto wa kaka yake, hanyimwi. Ndivyo ilivyo kwetu. Lakini mtoto wa moto akaishi majini? Mimi nilimpa wifi yangu binti yangu wa tatu, na nyumba yake iko mtaa wa pili tu, na bado nililia wiki nzima. Bi Tanuri akasema wazi kwamba mtoto atazimika.

"Kaa lilizimika kwa sababu liliondolewa mekoni," Bahari akamjibu. "Mwanao hakatiki kwako. Chini ya ardhi mtabaki mmeshikana."

Akampa kitindamimba wake, Cheche. Mtoto alipotumbukia, maji yalichemka, mvuke ukafunika jua, kisha kimya. Bi Tanuri alikaa siku nyingi bila kutoa hata moshi, akijilaumu kwamba amemuua mwanawe kwa kumwonea wifi yake haya. Asubuhi moja akasikia chini yake mtikisiko mdogo, kama mtoto anavyocheza tumboni. Akalia kwa furaha. Cheche alikuwa hai, na kamba na samaki wa Bahari walikuwa wamemzunguka, wanaota moto.

Ndugu zake waliposikia, kila mmoja akataka kwenda kwa shangazi. Mama hakuwazuia. Wakaondoka makundi kwa makundi, wakajaa kila bahari ya dunia, na nchi kavu wakabaki wachache wa kumliwaza.

Na tangu siku hiyo, milima ya moto iliyo chini ya maji ni mingi kuliko hii tunayoiona. Wengine hukua mpaka vichwa vikatokeza juu ya maji, nasi tukaviita visiwa, tukajenga humo. Na ardhi ikitikisika kidogo, watu hukimbilia nje kwa hofu. Mimi hutoka nao, si mjinga. Lakini najua ni mtoto mmoja huko chini anamwambia mama yake kwamba hajazimika.