Gongo la Mpingo la Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba na kuomba chumvi kwa jirani, palikuwa na kisima kimoja tu kilichohimili kiangazi. Watu wa Bondeni, yaani kina Nyati na Kiboko, walikigombea na watu wa Majabalini, kina Digidigi na Nguchiro. Walipochoka kupigana wakapatana: kila mwaka wacheze mpira wa magongo, mechi moja ya mtoano, bila marudio. Watakaoshinda ndio watakaokunywa kwanza kiangazi kizima.

Miaka minne mfululizo Bondeni walishinda. Majabalini wakanywa yale yaliyobaki baada ya Kiboko kuoga. Mmewahi kunywa maji aliyoogea Kiboko? Basi msiombe.

Pimbi wa Majabalini hakuwa mchezaji. Alikuwa mpika vitumbua, miguu mifupi, mkia hana, na moyo wake ulimwenda mbio kwa kila kitu. Kiangazi kilichopita kitindamimba wake aliugua kwa maji yale machafu, siku sita hali wala halii. Tangu hapo Pimbi hakuwa na usingizi wa maana. Aliwaza kisima tu.

Kila asubuhi alipeleka kikaango chake barazani kwa Fisi, huko Bondeni, kwa sababu mashabiki wa mpira hula sana. Siku nne kabla ya mechi, baraza lilijaa.

"Mwaka huu tunawafunga kumi!" alisema Fisi, kitumbua kimemjaa mdomoni.

"Kumi? Unatutukana!" akafoka Mama Kiboko. "Mume wangu akikaa golini hata upepo haupiti. Sema ishirini!"

"Jamani, tuseme ukweli," akasema Nyumbu. "Mwaka jana tulishinda moja bila. Na hilo moja, mpira ulimgonga Nyati makalioni ukaingia."

"Bao ni bao!"

"Makalio nayo ni ya timu!"

Wakacheka, kwa kwa kwa! Pimbi akamimina unga vibaya, mafuta yakaruka, chwaa!

"We usiye na mkia," Fisi akamgeukia, "watu wako wana nafasi gani?"

"Nafasi ipi, mzee wangu? Sisi tumekwisha." Pimbi akainamisha kichwa. "Mie naomba jambo moja tu. Nyati aendelee na gongo lake la mkole. Hilo jepesi."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Kwa nini?" akauliza Nyumbu.

"Aa, basi tu."

"Sema!"

"Gongo zito hupiga mbali, baba. La mkole limewapa bao moja. Je, angeshika la mpingo? Si mpira ungevuka mlima?" Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili. "Toba! Nimesema nini mie?"

Sasa sikilizeni. Desturi ya nchi ile, mchezaji hachongi gongo lake. Huchongewa na mashabiki. Siku tatu kabla ya mechi magongo hupakwa chokaa mbele ya refa, na likishapakwa halibadilishwi mpaka mechi iishe.

"Namchongea Nyati la mpingo, unene wa paja langu!" Fisi akaruka.

"Paja lako ni njiti!" akasema Mama Kiboko. "Mume wangu nitamchongea la unene wa shingo yake!"

"Kiboko ana shingo?"

"Funga mdomo, Nyumbu! Timu nzima mpingo!"

Kesho yake, Korongo, aliyekuwa refa, akaja na ndoo ya chokaa. Nyati akalinyanyua gongo lake jipya. Magoti yakapinda. Hmmmh!

"Zito?" akauliza Fisi.

"Zito? Mimi? Ebo! Wewe umeniona mbuzi?" Nyati akajibu, na jasho likamdondoka puani.

Korongo akapaka chokaa, paa, paa. Imekwisha.

Nyati akaendelea kulinyanyua na kulishusha ajionyeshe, na Pimbi, aliyesimama nyuma ya ndoo, alikuwa akihesabu. Alikimbia nyumbani kwa Nguchiro, nahodha wa Majabalini.

"Nyati akilishusha gongo, huvuta pumzi tatu kabla hajalinyanyua tena. Nimehesabu mara tano. Mpiteni kwenye pumzi ya pili."

"Na asipovuta tatu?"

"Usiniulize hivyo, kaka, nitazimia."

Siku ya mechi, priii! Nyati akalizungusha gongo, kwaa! Mpira ukapita kama radi, ukang'oa mlingoti wa goli. Bao!

"Kumi! Kumi! Kumi!" Bondeni wakaimba. Pimbi akamkumbatia mwanawe, akang'ata kidole chake mwenyewe. "Mimi ndiye niliyewapa gongo hilo," alijiambia. "Kwa mdomo wangu huu."

Lakini macho yake yalibaki kwa Nyati. Pumzi moja. Pumzi mbili. Digidigi akapita, chapu! Pumzi tatu. Nyati akapiga, puu! Akapiga vumbi.

"Hesabu, Pimbi!" Nguchiro akapaza sauti.

"Moja!" Pimbi akaita, sauti inatetemeka. "Mbili!" Majabalini wote wakapokea, "Mbiliii!" Na kila ilipoitwa mbili, mpira ulipita katikati ya miguu ya mtu mkubwa. Kiboko alipoinua gongo lake golini, likamlalia mguuni. "Mama wee!" Bao. Moja moja. Bao jingine. La tatu, Nyati alikuwa ameliegemea gongo lake kama mgonjwa. Mpira wa mwisho wa Bondeni ulinasa kwenye miiba ya Nungunungu, kipa wa Majabalini, akatembea nao polepole hadi nje ya uwanja. Priiiii! Tatu kwa moja!

Fisi akamjia Pimbi, meno nje. "Mwongo we! Ulisema gongo zito hupiga mbali!"

"Halikupiga mbali, mzee wangu? Mlingoti mpaka sasa hamjauona." Safari hii Pimbi hakutetemeka. "Mbona hukuniuliza litanyanyuliwa mara ngapi?"

"Wazo la mpingo lilikuwa la nani?" akanguruma Nyati.

"La Fisi!" akasema Mama Kiboko.

"La huyu mama!" akasema Fisi, wakashikana.

Pimbi hakungoja. Alimbeba mwanawe hadi kisimani, mbele ya wote. Maji yalikuwa meupe, changarawe za chini zinahesabika. Mtoto akanywa, gulu gulu gulu, akainua uso unaochuruzika.

"Mama, kumbe maji hayana harufu!"

Hadithi imetua hapo, wanangu: anayejisifia nguvu hubebeshwa mzigo na sifa zake mwenyewe.