Popoo za Kujaribia Kisu

Usinikunjie uso kabla hujasikia! Kama huamini, kamuulize Maftaha mwenyewe, yule tajiri wa duka la vyuma, na ukitoka salama urudi unisimulie.

Alasiri ile wageni walikuwa wanakuja kumposa mjukuu wa Bi Kidawa, na sinia la tambuu lilikuwa halijaandaliwa, popoo za kutafunia hazijakatwa. Vidole vya bibi vilikuwa vimevimba kama tangawizi. Akabeba kikapu chake cha popoo, akaingia dukani.

"Nataka kisu kidogo cha kukunja, cha kazi za kila siku."

"Sheria yangu ni moja, bibi," alisema Maftaha. "Ukikigusa, umekinunua."

"Basi nikatie wewe, baba, mimi nitazame. Mkono wangu wenyewe hata kijiko unakidondosha."

Maftaha akakata popoo tatu, vipande vikarudi kikapuni. "Umeona? Wembe huo!"

"Macho haya, baba, hata pua yangu hayaioni, na ilivyo kubwa! Hebu kile cha mpini wa pembe."

Akakata nne.

"Mh! Popoo mbili tatu hata meno yangu yangeziweza, nami ninayo mawili. Nataka kisu kisichochoka."

Maftaha, ambaye hakupenda mali yake idharauliwe, akakata mpaka popoo ya mwisho. Akajifuta jasho. "Haya, bibi kizee, unachukua kipi?"

"Sijagusa hata kimoja," alisema Bi Kidawa, akikipachika kikapu kwapani. "Kisu ninacho nyumbani, baba. Nilichokosa ni mikono."

Akatoka, akaufunga mlango.